Rota Yenye Mikwaruzo Mitatu

Jioni ile Sumaili alishuka bandarini kuchukua kopo la rangi. Kopo la rangi tu, jamani, hakuwa na jambo jingine. Mashua ya kutoka Ubundu ilikuwa imefika tangu adhuhuri, wapagazi walikwisha kushusha magunia ya mchele, na watu walikuwa wakirudi makwao. Alilipata kopo lake, akalitikisa sikioni kama mtu anayenunua nazi, akaridhika.

"Papa fundi."

Mtu alisimama nyuma ya magunia. Kofia ya majani ilimfunika hadi puani. Sauti ilikuwa ya koo lililokauka.

"Shika. Hizi njo zenyewe, za ile gari."

Akampa kifurushi cha jani la mgomba. Sumaili akakifungua palepale. Ndani mlikuwa na kola sita za kukazia mipira ya maji ya injini, za zamani, kila moja na mhuri mdogo wa kiwanda. Alipoinua macho, hapakuwa na mtu. Ilibaki harufu tu... benzini, na udongo uliolowa.

Hakuwa amemwambia kiumbe yeyote kwamba anazitafuta kola zile.

Sasa mjue habari ya gari lenyewe. Ilikuwa Mustang ya bluu, ya mwaka sitini na saba, ya milango miwili, injini ya silinda nane, ambayo mzungu mmoja wa mgodi wa Kalima aliiacha alipoondoka, na Didier, karani wake, akainunua. Kindu nzima ililijua gari lile kwa mlio. Didier aliuawa wakati wa vita. Gari lilikutwa baadaye limetelekezwa karibu na reli, limepakwa kijani kwa brashi kama mlango wa choo, na mjane wake, Mama Pélagie, akaomba watu walisukume hadi nyumbani. Likakaa chini ya mabati miaka ishirini na miwili.

Binti yao, Divine, sasa avoka, yaani wakili, huko Kinshasa, ndiye aliyemwita Sumaili.

"Papa Sumaili," alimwambia, "nataka ikuwe kama siku ilitoka kiwandani. Kila sikurubu. Hata makosa ya wale wenye waliitengeneza."

Hapo alimpata fundi penye udhaifu wake. Sumaili anapenda sifa kuliko wali. Divine alimletea kitabu chenye picha, naye akajifunza kwamba wakaguzi wa kiwanda walikuwa wakipaka doa la rangi kwa kila kitu walichokipitisha: la njano kwenye boliti za usukani, la pinki kwenye shafti, tena kwa haraka haraka, rangi ikachuruzika. Basi naye alipaka doa, akaliacha lichuruzike vilevile, akarudi nyuma hatua mbili akatabasamu peke yake.

Kisha akakumbuka, tabasamu likakatika.

Maana chini ya kofia ya distributa kuna kipande kidogo, hakizidi kidole gumba. Mafundi wanakiita rota. Huzunguka na kugawa moto kwa kila silinda. Ukikitoa, gari limekufa, ukikirudisha, limefufuka. Na rota iliyokuwa ndani ya Mustang ile haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa ya Sumaili. Ilikuwa na mikwaruzo mitatu ya msumari, alama anayoitia kila kitu chake kwa kuogopa wezi. Hata Divine aliijua, maana alikua akicheza na spana zake.

Mwaka ule wa vita, watu wenye bunduki walikuwa wakichukua magari yote. Didier akatoa rota, akaificha, akawaambia gari limekufa. Wakamleta Sumaili alithibitishe.

Alifungua boneti. Akaona mara moja kwamba rota imetolewa.

Angeweza kusema injini imeungua. Maneno mawili tu! Nani pale angembishia? Lakini kamanda wao alimcheka, akasema mafundi wa Kindu ni wa kuziba pancha za velo, za baiskeli. Na Sumaili, baba mzima, akachomeka. Akasema, "Haikufa hii. Inakosa kakitu kadogo tu." Akatoa rota kutoka kwenye sanduku lake, akaichonga kwa tupa, akaitia. Injini ikanguruma.

Naye akatabasamu.

Didier alikuwa amesimama mlangoni, akamwona akitabasamu. Wakamwambia Didier, "Kumbe ulitudanganya." Wakamtia kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe. Hakurudi, wala kaburi hana. Mama Pélagie siku ile alikuwa kanisani, na majirani wote walikuwa wamejifungia. Sumaili akanyamaza. Akaipaua nyumba ya mjane mvua ilipoiharibu, akambeba Divine mgongoni alipougua malaria, na mtoto akamwita Papa. Kila alipoitwa hivyo aliona aibu, na kila mara aliitika.

Sasa mmeelewa kwa nini alitaka rota ya kiwandani kwa udi na uvumba. Divine angekagua kila kitu. Akiona mikwaruzo ile, atajua.

Mtu wa kofia akaja tena. Alikuja jioni baada ya jioni, adhana ya magharibi ikilia, akisimama penye ukingo wa ua. Alileta sikurubu za taa. Alileta kifuniko cha tangi. Hakutaka chai, hakutaka asante. Kila kitu kilikuwa cha kiwandani chenyewe, na kila kitu kilikuwa na udongo.

Jioni ya nne Sumaili akajikaza.

"Ndugu... rota je, iko?"

Yule mtu aliishusha kofia yake zaidi.

"Weye njo unaiomba?"

"Mimi."

Akampa. Ilikuwa nzuri, ya rangi ya kahawia, haina alama. Sumaili akaitia, na ile yake akaenda kuitupa Lualaba, katikati ya mkondo, kutoka kwenye mtumbwi. Akarudi akalala usingizi wa mtoto.

Asubuhi akafungua kofia ya distributa.

Mikwaruzo mitatu.

Ilikuwa imelowa bado.

"Audhubillahi," akasema, akaketi chini. Akaitoa, akaiponda kwa nyundo, akaenda kuuliza kila mahali, soko zima, hadi Kalima, kama kuna rota nyingine. Hakupata. Kesho yake ilikuwamo, nzima. Akaifukia kwenye shimo la choo. Ikarudi. Yule mtu naye hakuja tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, na Sumaili alikonda akawa kama mpini wa jembe.

Divine akafika Jumamosi, saa tisa alasiri, na mama yake amemshika mkono. Gari lilimeta chini ya mabati, bluu ile ile. Mama Pélagie aliligusa kidogo tu, kwa ncha za vidole, akarudisha mkono.

Divine alifungua kitabu chake akapita kila mahali. Doa la njano, lipo. Kola, zipo. "Sawa. Sawa, Papa." Mwishowe akaweka kidole juu ya distributa.

"Na huku ndani?"

Sumaili alitaka kusema kumefungwa. Ulimi ukakataa. Akapiga magoti kwenye mafuta.

"Usifungue kwanza, mutoto wangu. Humo kuna kitu yangu. Mimi njo niliwasha gari siku ile. Hawakunipiga. Hawakunilazimisha. Nilitaka tu waone najua kazi." Alikuwa akilia kama mtoto. "Na nilicheka. Baba yako aliniona."

Divine akachukua bisibisi, akafungua kofia.

Rota ya kiwandani. Safi, haina hata mkwaruzo mmoja.

Angenyamaza, angepona! Ndiyo fikira ya kwanza iliyomjia Sumaili, Mungu amsamehe, na ilimtia aibu kuliko yote aliyokwisha kuyasema.

"Nilikuwa chini ya kitanda, Papa," alisema Divine taratibu. "Nilisikia sauti yako. 'Inakosa kakitu kadogo tu.' Nilikuwa na miaka saba."

"Na ukaniita Papa miaka yote hii?"

"Nilingoja useme weye mwenyewe."

"Na yule muntu wa kofia, uliyemtuma na vipande?"

"Muntu gani? Mimi nilituma rangi tu."

Mama Pélagie akaweka kiganja chote juu ya boneti. Sasa akauliza, "Walipita njia gani?"

Na hilo pia Sumaili hakuwahi kumwambia, miaka ishirini na miwili, ingawa alimwona akimtafuta mumewe kila kichaka. "Ya Kalima, mama. Nilisimama nikatazama hadi vumbi ikaisha."

"Basi panda utuonyeshe."

Injini ikawaka kwa mguso mmoja. Divine akakaa kwenye usukani, Sumaili pembeni yake, mama nyuma. Wakapita soko, wakapita tanuri za matofali, watu wakisimama kutazama. Mji ukaisha. Jua lilikuwa bado juu ya michikichi.

"Punguza mwendo, mutoto wangu. Mimi sijui zaidi ya hapa."

Gari halikupunguza. Lilikata kushoto, likaingia kijia ambacho majani yalikuwa yamekifunika, likafuata kona moja, na nyingine, bila kusita.

"Divine... umeijuaje njia hii?"

Akamgeukia. Mikono ya Divine ilikuwa juu ya magoti yake, imeshikana.

"Papa," akanong'ona, "mimi siko nashika usukani."

Nyuma yao Mama Pélagie aliinama mbele. Alisema kwa sauti ya kila siku, ya mke anayemuuliza mumewe.

"Didier, njo hapa walikuacha?"

Gari likasimama.