Jina la Kwanza Kwenye Barua

Maji! Jamani, yalikuwa maji tupu...

Nilichungulia nyuma ya pazia la dispensari nimharakishe daktari, maana Mirriam wangu, mtoto wa miezi kumi, alikuwa anahema vibaya. Nikamwona Masinde, daktari wetu, akivuta maji ya birika kwa sindano. Birika la chai!

Hii ni mtaani Umoja, mwaka wa 1986. Alikuwa amemdunga Mirriam siku mbili mfululizo, hii ndiyo ingekuwa ya tatu.

"Masinde, hiyo ni dawa gani?"

Akashtuka. "Mama Mirriam... dawa iliisha wiki jana."

"Na mwanangu umekuwa ukimdunga nini?!"

"Si ni nyinyi mlisema asiyedunga si daktari? Ningewaambia dawa hakuna, mngenifukuza kama Sista Warigia!"

Weh! Huyu mtu nilimwamini kuliko ndugu zangu. Nilikuwa namletea chapati!

Sista Warigia alikuwa nesi wetu kabla yake. Mkali ajabu. Ukimpelekea mtoto wa kikohozi, anamvua shati, anatazama saa yake, anahesabu pumzi. Kisha, "Hana neno. Mnyonyeshe, umlete kesho." Bila sindano! Tukamwona bure kabisa. Kina mama tukaandika barua, akaondolewa.

Sasa nilimbeba mtoto mbio hadi nyumbani kwa Sista, mtaa wa Donholm. Nikabisha huku nalia.

Hakuniuliza kitu. Akamvua Mirriam shati, akatazama saa.

"Sabini kwa dakika, na mbavu zinaingia ndani. Hii ni nimonia! Twende hospitali, sasa hivi!"

Tulilazwa siku nane. Sista alikuja kila siku, na kila siku nilishindwa kumtazama usoni. Siku ya kutoka nikajikaza.

"Sista, kuna kitu lazima nikwambie. Ile barua..."

"Ilikuwa na majina thelathini na mawili," akasema, akimvalisha Mirriam kofia. "La kwanza ni lako."

"Ulijua?! Hata nilipobisha mlango?"

"Nilijua, Waithera. Lakini mtoto hakuandika barua."

Nililia pale wodini bila aibu.

Masinde sijamsamehe mpaka leo. Lakini aliyemfukuza nesi wa kweli ni mimi, kwa mkono wangu, na nilikuwa najisifu.

Wazazi mnaosoma hapa, mkifika kliniki msiulize kama mtoto atadungwa. Muulize kama kuna mtu amemvua shati akahesabu pumzi zake.