Hereni ya Ng'ombe Mwingine

Saa mbili na robo asubuhi, mapafu ya ng'ombe yalilazwa mezani machinjioni. Yalikuwa laini, ya waridi, bila kivimbe hata kimoja.

"Ugonjwa huweza kujificha," alisema daktari wa mifugo. "Ila ngozi? Kipimo cha kifua kikuu kilimvimbisha shingo kama yai. Yai liko wapi?"

Inspekta wa polisi alipapasa shingo ya mzoga. Mahali pa sindano pamenyolewa, lakini pako bapa. Akageuza sikio. Hereni ya utambulisho ilikuwa na namba sahihi. Tundu lake lilikuwa bichi, bado lina damu.

"Umechinjiwa asiye mgonjwa, Daktari. Mgonjwa yu hai."

"Na ndiye mgonjwa wa mwisho bonde zima!"

Mwenye ng'ombe, babu aliyeitwa Taratibu kwa mwendo wake, aliwapokea nyumbani kwake akitabasamu.

"Karibuni, wanangu."

"Ng'ombe wako wa pili yuko wapi?"

"Nilimuuza."

Inspekta alitazama alama za kwato zilizoelekea porini. "Mnunuzi wako anaishi kichakani?"

Alama ziliwafikisha, Mzee akifuata nyuma, kwenye uzio wa hifadhi ya wanyama. Ng'ombe alikuwa amefungwa hapo, ngozi inang'aa, kiwele kimejaa. Ng'ambo ya waya, kundi la nyati lilisimama kimya, weusi kama mwamba. Dume mmoja alinyoosha pua kumwelekea. Kati yao palibaki upana wa kiganja.

Inspekta, aliyezoea maiti, aliganda. Hakuwahi kuona hatari nzuri namna ile.

"Wakiambukizwa hao," daktari alinong'ona, "nani atawashika shingo awapime?"

Akamvuta ng'ombe nyuma, polepole.

"Kwa nini, Mzee?" aliuliza Inspekta.

"Mjukuu wangu hana mama. Huyu ndiye aliyemkuza. Maziwa ya mwingine anayatema."

"Mnayachemsha?"

"Anayataka na moto wa kiwele."

Daktari aligeuka ghafla. "Mtoto yuko wapi?"

Walirudi nyumbani, Mzee akimvuta ng'ombe kwa kamba, wakamkuta mtoto amekaa kizingitini. Daktari alichuchumaa, akamgusa chini ya taya.

"Tezi hii imeanza kuvimba lini?"

"Tangu masika. Nilidhani ni jino."

"Huenda ni ugonjwa uleule, Babu. Hospitali watampima. Unatibika."

Mzee alishika mlango. "Kumbe nilikuwa namficha anayemdhuru?"

Alimtazama mjukuu wake.

"Hereni nilibadilisha mimi," alisema. "Shingo nilinyoa mimi. Hakuna mtu mwingine aliyehusika."

Akamkabidhi Inspekta kamba ya ng'ombe. Kisha akambeba mjukuu, akaingia naye kwenye gari la polisi.