Saa Tisa ya Linet

Kila asubuhi Linet alifagia ua wa nyumba yao pale Gede, akateka maji, kisha akaifungua simu ya mama yake kuitazama kazi yake mwenyewe. Ilikuwa programu aliyoiunda katika chama cha kompyuta shuleni, ya kuonyesha saa ambazo maji ya bahari hupwa. Mama yake, Priscilla, huwatembeza wageni kwenye miamba ya Watamu, na maji yakijaa kazi hiyo haifanyiki.

Jumatatu mama alirudi amenuna. "Programu yako iliniambia saa tisa. Nimewapeleka wageni saa tisa alasiri, nimekuta maji yamejaa. Kumbe yalikupwa asubuhi."

Kosa lilionekana upesi. Simu huanza kuhesabu saa usiku wa manane, kwa hiyo saa tatu yetu ya asubuhi, kwake ni tisa. Linet alikuwa amesahau kutoa sita. Akaisahihisha skrini ya "Leo", na Jumanne akatembea kifua mbele shule nzima.

Jioni mama akamwita. "Kesho naongoza watoto wadogo wa chekechea. Hapa pameandikwa saa kumi."

"Haiwezekani, mama. Nimesharekebisha. Labda hukusoma vizuri."

Mama akampa simu. "Leo" ilisema saa tatu na nusu. "Kesho" ilisema saa kumi. Linet akaizima, akaiwasha. Wapi! Akamwita Charo, mwenzake wa chama, naye akasema labda simu imeingiwa na kirusi. Linet akazidi kuchanganyikiwa. Programu ni moja na bahari ni moja, mbona majibu mawili? Akawaza wale watoto wakiingia majini, akaogopa.

Akakimbilia na simu kwa Mwalimu Kasiva wa chama cha kompyuta, aliyekaa jirani.

"Shikamoo, mwalimu. Programu yangu imenishinda."

"Marahaba. Hiyo hesabu ya saa umeiandika wapi?"

"Kwenye skrini."

"Skrini ipi?"

Hapo Linet akakumbuka. Alipomaliza kuandika "Leo", ili asijichoshe, aliinakili hesabu nzima akaibandika kwenye "Kesho" na "Wiki". Kosa nalo likanakiliwa.

"Basi nizirekebishe hizo mbili?"

"Ukiongeza ya nne je? Kwenu mna saa ngapi za ukutani?"

Linet hakuelewa saa ya ukutani imeingiaje hapo. "Moja tu."

"Ikichelewa, mnairekebisha mara ngapi?"

"Mara moja. Sote tunaitazama hiyo hiyo." Akaifungua tena programu. "Aa!"

Akafuta hesabu kwenye skrini zote tatu, akaiandika upya mahali pamoja, kila skrini iwe inauliza hapo. "Kesho" ikasema saa nne asubuhi.

Nyumbani alisimama mbele ya mama yake, macho chini. "Ulisoma vizuri, mama. Aliyekosea ni mimi, niliibandika hesabu yenye kosa kwenye skrini tatu. Nisamehe."

Jumatano mama alirudi akicheka. Saa nne maji yalikuwa yamekupwa kabisa, na watoto walimwona pweza.

"Uliogopa kuchoka mara moja, ukachoka mara tatu," alimwambia Linet. "Hesabu moja iandike mahali pamoja, uiandike vizuri. Na mtu akikuambia pana kosa, ikague kazi yako kwanza kabla ya kuyalaumu macho yake."