Nakala ya Nne

Harufu ndiyo iliyotangulia. Saa tatu asubuhi Wubalem alifungua chumba cha seva, baridi ya mashine ikampiga usoni kama siku zote, na ndani ya baridi ile akasikia harufu ya kahawa inayokaangwa.

"Dada, nani kakaanga buni humu?" Getnet, fundi mwenzake, alicheka. "Bosi akijua, tutakaangwa sisi."

Humo hata maji ya kunywa yalikatazwa. Wubalem aliitambua harufu ile. Ilikuwa kahawa ya marehemu mama yake, yenye ubani.

Kazi yao pale Addis Ababa ilikuwa kuhifadhi filamu ambazo watu hutazama kwa simu. Zinazopendwa zilikaa kwenye diski za kasi. Zisizo na mtazamaji zilisukumwa kwenye diski za nyuma, za polepole. Huko nyuma kabisa Wubalem alikuwa ameficha video ya mama yake akimpikia kahawa zar, jini wa ukoo, ambaye mama akifa hurithiwa na binti. Wubalem alikataa kumrithi. Tena, ili kuokoa nafasi, aliukata kwenye video mzunguko wa tatu wa kahawa, ule wa baraka, kwa kuwa machoni pa fundi ulifanana na miwili ya kwanza.

Sasa video ile ilikuwa mbele, kwenye diski ya kasi kuliko zote.

"Imefunguliwa mara elfu tatu tangu jana," Getnet alisoma, sauti ikishuka. "Na simu moja tu. Dada... hii si ya nyumbani kwako?"

Ilikuwa simu kuukuu ambayo Fikirte, binti yake wa miaka mitano, huichezea anapobaki na jirani. Wubalem alimsukumia Getnet kibodi.

"Ifute!"

"Nimefuta. Imerudi."

"Nakala zipo tatu, kila seva na yake. Tufute zote kwa pamoja!"

Walifuta ya kwanza, na feni zote zikanyamaza. Wakafuta ya pili, na kwenye ule ukimya wakasikia vikombe vikigongana taratibu nyuma ya kabati la mwisho, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala nafasi ya mtu, na Getnet akaanza kusali kwa kunong'ona huku vidole vyake vikikosea herufi, akafuta, akaandika tena, mpaka ya tatu nayo ikatoweka na harufu ikakatika ghafla.

"Imekwisha," Getnet alisema, jasho likimtoka kwenye baridi.

Lakini Wubalem alishafika mlangoni. Aliijua kazi yake: kila video inayotazamwa huacha vipande vyake kwenye simu ya mtazamaji. Nakala ya nne ilikuwa nyumbani.

Alimkuta jirani nje, akilia, amejiziba mdomo kwa shuka. "Mimi siingii humo, mama Fikirte. Siingii!"

Ndani, nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni, kama kwenye kahawa ya zar. Fikirte alikaa kwenye kigoda cha bibi yake, simu imezima mapajani, jebena, birika la udongo la kahawa, ikifuka mvuke mbele yake. Midomo ilikuwa ya bluu. Wubalem alimshika mkono; ulikuwa baridi kama chumba cha seva.

"Umechelewa," mtoto alisema kwa sauti ya mzee wa kiume. "Abol, kikombe cha kwanza, nimekunywa. Tona, cha pili, nimekunywa. Baraka yangu uliikatia nini?"

"Nisamehe, bwana wangu. Muache mtoto." Wubalem alimimina kikombe cha tatu na kukinyoosha kwa mikono miwili.

Fikirte alikisukuma kikamrudia mama yake.

"Huyu nilimwazima tu, nikikungoja wewe."

Wubalem aliyatazama meno ya mwanawe yakigongana kwa baridi. Akanywa mpaka mashapo.

Fikirte alipiga chafya, damu ikarudi midomoni, kisha akaangua kilio kwa sauti yake mwenyewe. "Mama, nina njaa!"

Wubalem alimkumbatia kwa furaha iliyomliza. Alifungua kinywa amwambie chakula kinakuja, mwanangu. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya yule mzee.

"Kesho," ilisema, "tuanze kahawa mapema."