Kigae cha Tano

Kila alasiri akitoka shule, Tamanda alivua sare, akala nsima, ugali wa kwao, iliyobaki mchana, kisha akaenda kuchuchumaa mbele ya beseni nyuma ya karakana ya mama yake, pale mtaani Ndirande. Kazi yake ilikuwa kumwaga plastiki iliyosagwa ndani ya maji, kukoroga na kusubiri. Vipande vya vifuniko huelea, vya chupa huzama. Vilivyoelea tu ndivyo vilivyotakiwa kwenye mashine. Lakini ilikuwa Juni, rasharasha haikatiki, na maji yaliuma vidole mpaka kwenye kucha.

Mashine hiyo aliibuni mama yake, Esnart. Ilikuwa bomba la chuma lililopashwa moto, na ndani yake parafujo ndefu ya kusukuma plastiki iliyoyeyuka hadi kwenye kalibu ya kigae. Kigae kikistahimili kukanyagwa, kila karakana ya mtaa ingeundiwa mashine kama hiyo, na njia ya matope ya zahanati ingetandikwa vigae. Wiki hiyo vigae vinne vilikuwa vimepasuka.

"Parafujo ndiyo mbaya," mama alisema siku ya Ijumaa, sauti imemwishia. "Haikandi plastiki sawasawa. Lufeyo, ikate katikati, uchomelee meno ya kukandia."

Mjomba Lufeyo, fundi wa kuchomelea wa jirani, alisita. "Dada, nikikata nimekata. Chuma si unga, useme utakanda upya."

"Miezi mitatu nahangaika nayo, na nyingine sina pa kuipata. Kata tu, yaishe."

Tamanda alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Tangu Jumatatu hakuwa amechambua kitu. Alilowesha vipande juu juu vionekane vimeoshwa, akavimimina vyote kwenye gunia, na kila jioni mama alipouliza alijibu, "Tayari." Alijiambia vipande vichache vya chupa havitadhuru.

Msumeno wa umeme ukaanza kunguruma.

"Mjomba, subiri!" alipiga kelele. "Mama, sijachambua. Wiki nzima. Maji yalikuwa baridi, nikachoka."

Msumeno ulizimwa. Mama alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafunika uso kwa viganja. Tamanda aliona heri achapwe kuliko kumtazama mama yake akiwa vile.

Mjomba Lufeyo aliokota kigae kilichopasuka, akakigeuzageuza. "Tazama, dada. Vipande vya chupa bado vizima humu ndani. Joto letu haliviyeyushi. Tumeisingizia parafujo bure."

Kesho yake asubuhi walichambua wote watatu, kwa maji yaliyopashwa moto. Kigae cha tano kilipopoa, Mjomba Lufeyo alipanda juu yake akaruka mara tatu.

"Kama kimeubeba mwili huu," alisema akihema, "wagonjwa wa zahanati hawakiwezi."

Mama alitabasamu kidogo tu. Uchovu ulikuwa bado umemjaa machoni. Alimvuta Tamanda karibu naye.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nimechoka. Ungeniambia umechoka, ningekupashia maji moto, au ningekuambia ukapumzike. Lakini uliniambia, 'Tayari,' nami nikakuamini. Kidogo nikate chuma kizima, nikitafuta ugonjwa ambao hakikuwa nao."