Tumbo Jeupe la Jiwe

Asubuhi Chuko alipofika ziwani alikuta meko ya kale hayapo.

Jana yake yalikuwepo: duara la mawe yaliyoungua, jiwe kubwa la kusagia kando yake, na vibanzi vidogo vya mawe vilivyotapakaa mahali alipoketi mchonga mishale maelfu ya miaka iliyopita. Sasa mawe makubwa yote yalikuwa kule chini ufukoni, kati ya nyasi kavu na magamba ya konokono.

"Usiku mvua imepiga, maji yamepanda," alisema Gaolathe, mpimaji wa kampuni ya hoteli. Alikuwa akinywa chai huku akijipangusa vumbi jeupe kwenye sweta. "Pole, Mma Chuko. Nyie watu wa mchangani maji hamyajui. Mimi nimezaliwa mtoni, nimeona mafuriko yakibingirisha mawe kama viazi."

Chuko, mkaguzi wa mambo ya kale, alitazama saa yake. Mchana baraza la ardhi lingekuja. Likikuta makazi ya kale ya mababu zao, Wajuhoansi, wenyeji wa ufuko huu, wangebaki kwao, bibi yake Kxaru akiwa mmoja wao. Likikuta mawe yaliyosombwa tu na maji, kampuni ingeweka uzio.

"Au muulize yule mwenye ng'ombe," Gaolathe aliongeza.

Molatlhegi alikuwa akinywesha ng'ombe wake. Aliposikia swali alicheka kwa hasira.

"Ng'ombe wangu wamebeba mawe? Wameyafunga mgongoni kwa kanga?"

"Walipita pale juu, Rra?" Chuko alimuuliza kwa heshima.

"Nenda kaangalie kwato mwenyewe. Kila kinachopotea hapa nasingiziwa mimi!"

Chuko alirudi, akapiga magoti kwenye mchanga wa kijivu. Hakuona kwato hata moja. Alipapasa, na kitu kikamkata kidole gumba: kibanzi chembamba kama ukucha, makali yake mazima. Vingine vilikuwa vimekizunguka, kila kimoja mahali pake pa jana. Alinyonya damu, kisha akashuka ufukoni kuyatazama mawe makubwa. Alipoyaona vizuri, aliketi kando yake kulisubiri baraza.

Mwenyekiti wa baraza, Mma Seloka, alifika akijipepea kwa kofia. Gaolathe alimwonyesha ufuko. "Takataka za maji tu hizi, Mma."

"Muongo," alisema Chuko.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote waligeuka.

"Ng'ombe wangepita, vibanzi vingevunjika na kuzama. Havikuguswa. Na hili ziwa si mto wako, Rra. Maji yake hayafiki magotini. Yakipanda, mawimbi huchukua vidogo na kuviacha vikubwa. Hapa vidogo vimebaki, vikubwa vimeondoka. Ni mikono hiyo."

"Mikono ya nani? Labda ni ya ndugu zako!"

"Mma Seloka, tazama haya mawe. Jiwe likilala muda mrefu kwenye udongo wa ziwa, chini yake hujengeka ganda jeupe la chokaa. Juu hubaki peusi. Haya yote, upande mweupe umeangalia mbinguni. Mtu aliyatupa bila kuangalia." Alimnyooshea Gaolathe kidole. "Na hilo la kusagia ni zito, halibebwi bila kukumbatiwa. Mchanga wa hapa ni wa kijivu. Sweta yako ina weupe wa nini?"

Gaolathe aliinamisha macho kifuani. Mma Seloka alikwaruza tumbo jeupe la jiwe kwa ukucha, akaupangusa ukucha kwenye ile sweta. Weupe ulikuwa uleule.

"Jibu, kijana."

"Kampuni wameniambia hoteli ikijengwa nitakuwa msimamizi." Gaolathe aliipangusa tena sweta. "Ni mawe tu, Mma! Hakuna aliyekufa!"

"Bibi yangu angefukuzwa alikozaliwa!" Chuko alipiga kelele, mara ya kwanza maishani mwake. "Unajua kuwa hapa palikaa watu, ndiyo maana ulikuja gizani!"

Mma Seloka aliligeukia lori la kampuni lililoegeshwa kando, limepakiwa nguzo za uzio. "Hizo ziondoke leo. Na wewe utanieleza yote mbele ya polisi."

Gaolathe aliinama, akalinyooshea mikono jiwe la kusagia. "Basi nitayarudisha. Nayarudisha yote, Mma Chuko."

Chuko alisimama kati yake na lile jiwe.

"Usiwaguse mababu zangu. Umeshawahamisha mara moja."