Barua Iliyokwenda kwa Balozi

Hamad Faki alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, katika mji mdogo wa Mkokoni, kusini ya Tanga. Kila asubuhi alipiga randa. Mkewe, Mwatima, alichoma mihogo na kuiuza barazani. Wateja wa mihogo walikuwa wengi kuliko wateja wa vitanda, na Mwatima hakuacha kumkumbusha.

"Leo nani anamlisha nani?" alimwuliza.

"Ni weye, bibi," Hamad alijibu. "Lakini hiyo meza unayouzia nimeichonga miye."

Wote wawili walizaliwa Pemba. Walihamia Mkokoni miaka ishirini na minane nyuma. Watoto wao walizaliwa hapo, na mmoja alizikwa hapo.

Ulikuwa mwaka 1995. Vyama vingi vilikwisharuhusiwa, na uchaguzi ulikuwa karibu. Watu wakaenda kujiandikisha kupiga kura. Karani akamtazama Hamad, akasema, "Wewe mtu wa kuja. Nenda kwenu ukajiandikishe." Familia kumi na tisa za Wapemba zilirudishwa hivyo hivyo. Jambo hili liliuma. Mtu una kaburi la mwanao mahali, kisha unaambiwa nenda kwenu!

Hamad alikuwa katibu wa tawi la chama kipya. Wanachama wakakubaliana kuandamana Jumamosi kwa amani, mpaka kwa karani yule, wakadai haki yao. Hamad akaandika barua ya taarifa kwa mwandiko mzuri. Kisha akaipeleka alikozoea kupeleka mambo yake yote. Aliipeleka kwa balozi wa nyumba kumi.

Usimcheke. Kwa miaka mingi kila jambo lilianzia kwa balozi. Ukitaka kufanya harusi, kwa balozi. Mgeni akija kulala, kwa balozi. Sukari na sabuni zilipoadimika, mgao wako ulipitia kwa balozi. Balozi wao alikuwa Mzee Haji, mshona kofia, mtu mpole asiyepandisha sauti hata kwa kuku.

"Nimeipokea, Hamad," alisema Mzee Haji. "Nitaifikisha panapohusika."

Hamad akarudi nyumbani na moyo mweupe.

Jumamosi asubuhi chama cha zamani kiliandamana. Walikuja na matarumbeta. Askari polisi walitembea pande zote mbili. Mmoja alisimamisha magari ili watu wapite. Mwingine, kijana mrefu, alimbebea mama mmoja mtoto wake. Mwatima aliona yote kutoka barazani, akafurahi.

"Leo askari wana roho nzuri," alisema. "Nasi alasiri watatutendea hivyo hivyo."

Baada ya sala ya alasiri watu wa chama kipya wakatoka. Hawakuzidi hamsini. Walipita barabara ile ile. Walipofika njia panda, wakakuta gari la polisi limewekwa katikati. Askari walikuwa wale wale. Hata yule mrefu alikuwapo, lakini sasa alishika rungu.

"Barua yenu ya polisi iko wapi?" aliuliza mkuu wao.

"Balozi anayo, afande," alijibu Hamad.

"Mimi sijaona barua. Tawanyikeni!"

"Na wale wa asubuhi, afande? Wao walileta barua?"

Rungu lilishuka. Hamad aliinua mkono wa kulia akinge uso, na mfupa ukavunjika karibu na kiwiko cha mkono. Mwatima, aliyekuwa nyuma yake, aliusikia ukivunjika. Watu wakakimbia huku na huku. Yeye akamkokota mumewe kupitia vichochoro, mpaka nyumbani, akafunga mlango.

Walikwenda zahanati. Mganga akautazama mkono, akatikisa kichwa.

"Huyu amepigwa," alisema. "Siwezi kumgusa bila PF3."

PF3 ni fomu ya polisi. Mtu aliyepigwa, au aliyegongwa na gari, huichukua kituo cha polisi kisha huenda nayo hospitali. Sasa Hamad angeendaje kuomba fomu kwa watu waliomvunja?

"Miye siendi," alisema. "Nikiingia mle sitoki."

Wakaita mzee mmoja anayefunga viungo. Akaubana mkono kwa vijiti na kamba. Siku ya kwanza Hamad aliguna. Siku ya pili alilia, na Mwatima alikuwa hajawahi kumwona akilia isipokuwa siku waliyomzika mtoto wao. Kila gari liliposimama nje, Mwatima aliruka. Mihogo hakuchoma. Randa ilikaa kimya. Vidole vya Hamad vilivimba, vikawa baridi, vikaanza kubadilika rangi. Mwatima alivishika na kuvipulizia pumzi, huku akijiuliza fundi asiye na mkono wa kulia ataishije. Aliogopa kwenda polisi, na aliogopa kukaa.

Siku ya tatu asubuhi jirani yao Kristina alibisha hodi. Kristina alikuwa Mbondei wa Muheza, karani katika mahakama ya mwanzo. Alikuja kununua mihogo, akashangaa meza kuikuta tupu.

"Hodi, bi Mwatima. Kulikoni, mbona kimya?"

Mwatima alitaka kusema si kitu. Badala yake akaangua kilio, akamwonyesha mkono.

Kristina alivigusa vidole, akanyanyuka mara moja. "Kamba hizi zimebana mno. Damu haifiki. Mkono huu ukikaa mpaka kesho, utakatwa. Twendeni tukachukue PF3."

"Watamfunga, dada Kristina!"

"Sikiliza. Fomu ile si zawadi. Kila aliyeumia hupewa, hata mwizi. Kama wana kesi naye, wamwambie kosa lake na wampe dhamana. Lakini matibabu kwanza." Alimgeukia Hamad. "Barua ya maandamano mliipeleka wapi?"

"Kwa Mzee Haji."

Kristina akashusha pumzi. "Kwa nini usiipeleke polisi?"

"Mambo yote huanzia kwa balozi."

"Hayo yalikuwa ya zamani, shemeji. Chama kilikuwa kimoja, na chama na serikali vilikuwa kitu kimoja. Sasa vyama ni vingi. Balozi ni mtu wa chama chake. Umempa barua yako mtu wa timu nyingine! Sheria inasema taarifa iende kwa mkuu wa polisi wa mahali penu, kwa maandishi, saa arobaini na nane kabla. Huombi ruhusa. Unatoa taarifa. Unapeleka nakala mbili, na moja inagongwa muhuri, unarudi nayo."

Hamad akafumba macho. "Basi kosa langu."

"La barua, ndiyo. La mkono, hapana," alisema Kristina. "Mtu asiye na barua haambiwi kwa rungu. Na wale wa asubuhi, mimi nipo mahakamani, nasikia mengi. Hawakuwa na barua yoyote."

Walimpakia Hamad kwenye mkokoteni wa kukodi. Mwatima alitembea ubavuni. Kila hatua alitamani kugeuza.

Sajenti wa zamu alimtazama Hamad kwa muda mrefu.

"Kumbe katibu ni huyu," alisema. "Tulikuwa tunamtafuta."

Mwatima akamshika mumewe bega.

"Shikamoo, afande," alisema Kristina kwa utulivu, ingawa sajenti alikuwa mdogo kwake. "Tumekuja kuchukua PF3."

"Fomu zimekwisha."

"Basi tunaomba uandike kwenye kitabu cha matukio kwamba mgonjwa amefika leo, fomu zimekwisha, na jina lako. Mkono ukikatwa, daktari atauliza."

Sajenti akafungua saraka ya meza yake. Fomu zilikuwa zimejaa tele. Akachukua kalamu.

"Nani kampiga?"

Kristina akamwangalia Mwatima.

"Nitaandika mtu asiyejulikana," alisema sajenti. "Mnataka fomu au mnataka matata?"

Mwatima alitazama vile vidole.

"Nataka fomu, mwanangu. Na uandike ukweli. Alipigwa na askari, njia panda, Jumamosi alasiri. Nilikuwapo."

Sajenti aliishika kalamu bila kuandika. Mwishowe akaandika, akagonga muhuri, akaisukuma karatasi mezani bila kuwatazama.

"Nendeni," alisema.

Jioni hiyo, katika hospitali ya Tanga, daktari alizikata zile kamba. Aliurudisha mfupa, akaufunga plasta. "Mngechelewa mpaka kesho, ningekata," aliwaambia. Mkono ukapona. Vidole viwili havikurudi kukunjika sawasawa, na mpaka leo Hamad hushika nyundo kwa vitatu. Nasema haya ili usidhani mambo yalikwisha vizuri tu.

Plasta ikiwa bado mkononi, Kristina alikuja na karatasi mbili nyeupe.

"Barua mbili," alisema. "Moja ya malalamiko, kwa mkuu wa polisi wa mkoa. Ya pili ni taarifa ya maandamano mapya."

"Mapya?" Mwatima alishtuka. "Wamvunje na wa kushoto?"

"Mmekwisha kujiandikisha?"

Walikuwa hawajajiandikisha, na siku za kujiandikisha zilikuwa zinakwisha.

Hamad hakuweza kuandika. Basi akatamka, naye Mwatima akaandika. Aliandika polepole, ulimi nje, maana shule aliiacha darasa la nne. Hamad alitamka kwa hasira: "Chama cha zamani kizuiliwe kuandamana..."

"Futa hilo," alisema Kristina. "Wale hawakukosea kuandamana. Ni haki yao. Kosa ni polisi kupima watu kwa mizani mbili. Omba wapime kwa mizani moja."

Hamad hakupenda. Alikuna kichwa kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Futa."

Mkuu wa kituo aliisoma taarifa yao mara mbili.

"Na nikiwakatalia?"

"Utatuandikia sababu, afande," alijibu Mwatima. Alikuwa amelikariri jibu hilo njia nzima. "Nasi tutakata rufaa."

Akagonga muhuri kwenye nakala zote mbili. Mwatima aliikunja ya kwake, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nayo hivyo hata chooni.

Usiku wa kuamkia maandamano hakupata usingizi. Asubuhi watu thelathini tu walitokea. Wengine waliogopa, nami siwalaumu. Walipofika njia panda, gari la polisi lilikuwa pale pale, katikati. Yule askari mrefu alikuwapo na rungu lake.

"Barua!" aliita mkuu wao.

Mwatima akatoka mbele. Fundo la kanga likakataa kufunguka. Hatimaye akaitoa. Mkuu akaisoma, akautazama muhuri, akaenda kwenye gari kuzungumza na kituo kwa redio. Alikaa huko muda. Jua lilichoma. Mtu mmoja nyuma alianza kusoma dua kwa sauti ndogo, na wengine wakaitikia.

Mkuu akarudi.

"Tembeeni upande wa kushoto," alisema. "Askari, wapisheni. Simamisheni magari."

Wakapita. Yule askari mrefu alitembea ubavuni mwa Mwatima mpaka mwisho. Mwatima hakumtazama. Karani yule wa kuandikisha aliwaona watu, akawaona na polisi, akafungua daftari. Aliandika majina mpaka jioni, familia zote kumi na tisa.

Wiki mbili baadaye likaja agizo kutoka mkoani, kujibu ile barua ya malalamiko. Kila chama kilete taarifa, na polisi walinde maandamano ya wote kwa namna moja. Jumamosi iliyofuata chama cha zamani kilitoka na matarumbeta yake, bila barua, kama kawaida. Safari hii wakarudishwa. Hawakupigwa. Waliambiwa tu warudi wiki ijayo na barua.

Alasiri hiyo Mzee Haji alisimama mlangoni kwa Mwatima. Kofia aliishika mkononi.

"Shikamoo, Mzee Haji," alisema Mwatima, kwa kuwa hakuna namna ya kutomwamkia mzee. Lakini hakumpisha aingie.

"Marahaba, mwanangu. Ile barua yenu..." Mzee aliigeuzageuza kofia. "Niliipeleka tawini kwetu. Wakaitia sarakani. Nikaogopa kuwaambia. Nilijua, nikaogopa."

Mwatima alitaka kumfungia mlango usoni. Alitaka kumwonyesha vile vidole viwili.

"Unataka nini sasa?" aliuliza.

"Sisi kwetu hatujui taarifa inaandikwaje. Hatujawahi kuandika."

Kisha sauti ya Hamad ikatoka karakanani.

"Mkaribishe, Mwatima. Mpe kiti."

"Hamad!"

"Mpe kiti, nimesema. Wale wakipigwa, tutakuwa tumeandamania nini?"

Mwatima akampa kiti. Akaleta karatasi, akakaa upande wa pili wa meza, uso umemkunjamana. Alimwonyesha pa kuandika tarehe, na njia watakayopita, na saa. Alimwambia aandike nakala mbili, aende nazo mwenyewe polisi, arudi na moja yenye muhuri. Mzee aliandika, jasho linamtoka.

Jumamosi ile nyingine matarumbeta yalisikika tena. Mwatima alikuwa barazani na mihogo yake. Watu wa chama cha zamani walipita, zaidi ya mia mbili, na askari pande zote mbili. Mzee Haji alikuwa mbele. Mwatima hakuwapungia mkono, lakini aliwatazama mpaka wa mwisho akapinda kona. Hakuna mtu wa Mkokoni aliyepigwa siku ile.